Pembe ya Shamba ni ya Nani?

Ikifika Jumapili ya mavuno, neno linalosikika kanisani kuliko yote ni "leteni". Leteni malimbuko, leteni fungu la kumi, leteni shukrani. Wengi wetu hapa kambini, mkoa wa Kigoma, tulitoka nalo Fizi na Uvira, ambako wamama walibeba vikapu vya muhogo na ndizi mpaka mbele ya madhabahu. Kule ilikuwa raha, maana shamba lilikuwepo. Hapa shamba halipo, ila "leteni" imebaki vilevile.

Mwaka juzi alipita mhubiri mmoja mgeni, akasema kopo la kwanza la unga wa mgao ni malimbuko ya Bwana, na asiyelitoa anajifungia baraka mwenyewe. Watu walitoa. Jirani yangu, mama wa watoto sita, alitoa makopo mawili, na wiki ya mwisho kabla ya mgao tulikuwa tunapeana unga kwa sahani. Sitaki kugombana na mhubiri yule, alishaondoka. Ila mimi nilifundisha historia kabla ya kukimbia, na swali lake ni la historia: katika imani hii, mtu asiye na shamba aliwahi lini kudaiwa malimbuko? Nilitafuta, katika Biblia yangu na kwenye simu kila nilipopata bando. Jibu nililolipata ni kwamba katika sheria ya mavuno, watu kama sisi tulikuwa na nafasi yetu inayojulikana kabisa, na haikuwa ya kulipa.

Tuanzie shambani kwenyewe. Mwaka 1908, huko Gezeri, magharibi ya Yerusalemu, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kijiwe kidogo cha chokaa ambacho unaweza kukishika kiganjani. Ni cha karne ya 10 kabla ya Kristo, na wataalamu wengine wanadhani ni zoezi la mwanafunzi. Kimeandikwa mwaka mzima kwa kazi za mkulima: miezi miwili ya kukusanya mazao, miwili ya kupanda, miwili ya kupanda tena kwa kuchelewa, mmoja wa kukata kitani, mmoja wa kuvuna shayiri, na kuendelea mpaka matunda ya kiangazi. Mwaka wao ulikuwa shamba. Ndiyo maana sikukuu zao kubwa zilikaa juu ya mavuno: Pasaka wakati shayiri inaanza kuiva, Sikukuu ya Majuma wakati wa ngano, Sikukuu ya Vibanda mwishoni, mazao yakishaingia ghalani.

Sasa malimbuko. Kwa Kiswahili kulimbuka ni kuonja mazao mapya kwa mara ya kwanza, na mtu yeyote aliyewahi kuchoma muhindi wa kwanza wa msimu anaujua utamu wake. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, mkulima anaambiwa aweke mazao ya kwanza kikapuni, apeleke, na akifika atoe maelezo. Hapo nilisimama nikasoma mara mbili. Haambiwi aeleze amelima ekari ngapi. Anaeleza kwamba babu yake alikuwa mtu wa kutangatanga, aliyeshuka Misri na watu wachache, akaishi ugenini, akateswa, akatolewa huko. Yaani mwenye shamba, siku ya furaha yake, anasimama mbele ya watu na kusema: sisi tulikuwa wakimbizi. Halafu anakula na kufurahi pamoja na Mlawi, ambaye hakugawiwa nchi, na mgeni anayekaa kwao. Mgeni ameshatajwa. Yuko upande wa wanaokula.

Wayahudi walizifafanua sheria hizi kwa mdomo vizazi vingi, na mnamo mwaka 200 baada ya Kristo zikakusanywa katika kitabu kinachoitwa Mishna. Sehemu yake moja inahusu malimbuko tu, na mwanzoni kabisa inauliza ni nani asiyeleta. Inawataja wanaolima shamba la mtu kwa kugawana mazao, na waliokodi. Sababu ni fupi: Torati ilisema malimbuko ya ardhi yako, na ardhi hiyo si yao. Tena hayakuletwa ya kila chakula. Ni aina saba peke yake: ngano, shayiri, zabibu, tini, komamanga, zeituni na tende. Kwa hiyo unga uliokuja na lori ukiwa ndani ya gunia, uliolimwa na mkulima tusiyemjua katika nchi tusiyoijua, kwa sheria ile usingekubaliwa hata kama ungeuleta kwa hiari.

Kuna jambo lingine dogo mle ambalo mimi nimelipenda. Zamani mkulima aliyejua kusoma alisoma maneno yale mwenyewe, na asiyejua alisomewa ayarudie. Wasiojua wakaona aibu, wakaacha kuja. Basi ikaamuliwa wote wasomewe, anayejua na asiyejua. Hawakumfundisha maskini avumilie aibu, walibadilisha utaratibu.

Lakini kiini cha mambo kiko kwenye pembe. Mambo ya Walawi inamkataza mkulima kuvuna mpaka pembe za shamba lake, au kurudi kuokota masuke yaliyoanguka. Hayo ni ya maskini na mgeni. Kumbukumbu la Torati inaongeza mganda uliosahauliwa: ukikumbuka umeuacha kondeni, usirudi kuuchukua. Sijaona mahali panapoiita hiyo sadaka. Ile pembe haikuwa ya mwenye shamba aamue kuitoa au kuibana.

Walimu wa Mishna walikaa wakajadili hiyo pembe kama watu wa mashirika wanavyojadili mgao, na nawaomba ndugu zetu wa mashirika wanaosoma gazeti hili wasikilize hapa. Kwanza kiasi: pembe isipungue sehemu 1 ya 60 ya shamba. Pili, maskini wanaingia mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na alasiri, ili mama anayenyonyesha na mzee wapate saa inayowafaa. Tatu, pembe haivunwi kwa mundu, watu wasije wakaumizana katika kugombania. Nne, anayejitupa juu ya masuke au kuyafunika kwa nguo yake ili wengine wasipate, ananyang'anywa. (Huyo nasi tunamfahamu, kila zoni inaye.) Halafu Rabi Shimoni akatoa sababu za kwa nini pembe iachwe mwisho wa shamba, mahali panapojulikana, badala ya popote mwenye shamba atakapo. Mojawapo ni hii: mwenye shamba asipate nafasi ya kumpigia simu ndugu yake, samahani, ya kumtumia ndugu yake habari aje achukue kimyakimya. Nyingine ni kwamba maskini wasishinde kutwa nzima wamekaa wakiangalia ni saa ngapi mtu atawapa. Aliyewahi kukaa juani tangu saa kumi na mbili asubuhi akisubiri jina lake liitwe ataelewa kwamba Rabi huyo alikuwa amewaona watu wa namna hiyo kwa macho yake. Muda wa maskini nao ni mali, na kuupoteza aliuhesabu kuwa ni dhuluma.

Tunaye shahidi aliyeitumia sheria hii, na ni mwanamke, na ni mgeni. Kisa cha Ruthu tunakijua kwenye harusi, tunakisahau kwenye mavuno. Kinaanza na njaa Bethlehemu, mji ambao jina lake maana yake ni nyumba ya mkate. Elimeleki anakimbilia Moabu na mke wake Naomi na wavulana wawili. Wanaume wote watatu wanakufa huko. Naomi anarudi na mkwe wake Mmoabu, shayiri inaanza kuvunwa, na nyumbani hamna kitu. Ruthu anatoka kwenda kuokota masazo nyuma ya wavunaji. Haendi kuomba, pembe ipo, sheria ipo. Anafanya kazi tangu asubuhi. Boazi anawaamuru vijana wake wasimguse, maana kondeni wanawake walikuwa wanasumbuliwa, na Naomi naye anamwonya mkwe wake juu ya mashamba mengine. Wamama wetu wanaotafuta kuni hawahitaji kufafanuliwa. Boazi anawaambia pia waangushe masuke mengine makusudi, na wasimkemee. Jioni anapura alichookota, inatoka efa moja ya shayiri, lita 22 au karibu hapo. Debe na kidogo juu. Mjukuu wa mwanawe ni Daudi, na Mathayo anamtaja kwa jina katika ukoo wa Yesu.

Wayahudi husoma kitabu hicho kwenye Sikukuu ya Majuma, sherehe ya mavuno ya ngano, na sikukuu hiyo ndiyo sisi tunayoiita Pentekoste, siku ya 50. Katika Mambo ya Walawi 23, mara tu baada ya kuamuru mikate miwili ya sikukuu hiyo, sheria ya pembe inarudiwa neno kwa neno karibu, kana kwamba sherehe bila pembe haijakamilika. Kwa hiyo Roho aliposhuka Yerusalemu na watu wa lugha nyingi wakasikia, mji ulikuwa umejaa kwa ajili ya mavuno. Paulo naye alilichukua neno la shambani: Kristo aliyefufuka ni limbuko la waliolala. Mganda wa kwanza umeshafika, ishara kwamba shamba zima litaivа. Angalia aliyeuleta. Kwa Paulo, Mungu ndiye anayetoa limbuko, sisi ndio tunaopewa.

Na yale maneno ya Paulo kuhusu kupanda haba na kuvuna haba, ambayo mhubiri yule aliyapiga sana? Yako katika Wakorintho wa Pili sura ya 9, na sura hiyo ni mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Walioambiwa wapande ni Wakorintho waliokuwa na kitu. Sura ya 8 inasema wazi kwamba toleo linapimwa kwa kile mtu alicho nacho. Najua mtu atanitajia mjane wa senti mbili. Nami ninamwomba asome mstari unaotangulia kisa hicho kwa Marko, ambapo Yesu anawashutumu wanaokula nyumba za wajane.

Mwaka 1873 Mgiriki mmoja, Philotheos Bryennios, aligundua Konstantinopoli nakala ya kitabu cha Wakristo wa mwanzo kinachoitwa Didake, yaani mafundisho. Kinaagiza malimbuko wapewe manabii wanaokaa na watu. Kama hakuna nabii, wapewe maskini. Kinasema pia kwamba nabii akisema kwa roho "nipeni fedha" asisikilizwe, isipokuwa anawaombea wengine wenye shida. Tatizo letu ni la zamani sana.

Sikukuu ya mavuno tunayoifanya makanisani ilifikaje basi? Ulaya desturi ya kuokota masazo ilidumu karne nyingi. Lakini Uingereza, mwaka 1788, mwanamke mmoja wa Timworth, Mary Houghton, alishtakiwa na mwenye shamba kwa kuokota. Majaji wengi wakasema sheria ya nchi haimpi haki hiyo. Jaji Gould peke yake alipinga. Miaka 55 baadaye, tarehe 1 Oktoba 1843, kasisi Robert Hawker wa Morwenstow aliwaita waumini kushukuru kwa mkate wa ngano mpya, na ibada ya namna hiyo ikaenea katika makanisa ya Kianglikana hadi huku misheni. Sisemi Hawker alikosea. Nasema pembe ilitolewa mahakamani kwanza, na maboga yakaingia kanisani baadaye, na sisi tuliletewa maboga.

Wakati huohuo mavuno yetu wenyewe yalizimwa. Majirani zetu Warundi wana umuganuro, Wanyarwanda umuganura, sherehe ya mtama iliyoongozwa na mwami. Mwaka 1925 Wabelgiji walimhamishia Burundi Gashamura, mtunza taratibu za kifalme wa Rwanda aliyesimamia sherehe hiyo. Mtunza mavuno akawa mkimbizi.

Hapa kwetu ekari hakuna. Wenzetu wa Nakivale na Kyangwali, Uganda, hupewa kipande cha kulima. Sisi tuna viroba na tuta mbele ya mlango, na kutoka nje ya kambi ni kwa kibali. Mama anayekwenda kuokota karanga zilizobaki kwenye shamba la mwanakijiji anafanya alichofanya Ruthu, ila anafanya kwa kujificha.

Msimu uliopita kikundi chetu cha maombi hakikuleta unga madhabahuni. Tulikubaliana kila mwenye tuta la lenga-lenga aache mstari mmoja upande wa njia bila kuuchuma. Mzee mmoja alibisha kwamba mbuzi watakula, na kwa baadhi walikula kweli. Mstari wangu ulichumwa kidogo kidogo kwa siku nne, asubuhi sana, na aliyechuma alikata juu tu, akaacha shina lichipue tena.