Damu ya Mtoto, Jibu la Mama

Mtoto wa dada yangu alizaliwa wiki nane kabla ya wakati, kilo moja na nusu. Ilikuwa msimu wa mvua, ule ambao barabara za Boito zinageuka tope na boda zinateleza hadi ndani ya majani chai. Nilikuwa nyumbani kwa sababu karo ilikuwa imenishinda, nikaacha chuo mwaka wa pili. Asubuhi nilichuma majani, usiku niliandika makala za watu mtandaoni. Asiye na kazi rasmi ndiye hutumwa, kwa hivyo mimi ndiye niliyepeleka uji hospitalini. Na mimi ndiye niliyesimama mlangoni nasi alipotamka neno ambalo kwetu halitamkwi mbele ya wakwe: kaswende.

Nilifungua kijitabu chake cha kliniki. Pale panapoandikwa jibu la kipimo cha kaswende palikuwa patupu. Siku aliyoenda, aliambiwa vifaa vimeisha, arudi wiki ijayo. Wiki ijayo majani yalikuwa yamekomaa, na majani hayangoji mtu.

Mama mkwe wake aliuliza swali moja tu: "Huyu msichana ameitoa wapi hiyo?" Hakuna aliyeuliza kuhusu kijana wake. Na nakiri hapa, kwa sababu dada atasoma: kichwani mwangu nami niliuliza swali hilohilo. Ndiyo sababu nikaanza kusoma. Nilichokipata ni kwamba swali lile lina zaidi ya miaka mia moja, na lilianza kuulizwa na watu wenye vyeo.

Mwaka 1907 serikali ya Uingereza ilimtuma Uganda daktari wa jeshi, Kanali F. J. Lambkin, achunguze kaswende. Aliporipoti, alisema kuna wilaya ambako karibu asilimia 90 ya watu wanaugua, na kwamba watoto wa Buganda wanakufa kwa wingi kwa sababu yake. Chanzo? Kwa maoni yake, wanawake walikuwa wamepewa uhuru mno. Ukristo ulilegeza ulinzi wa zamani, wakaanza kutembea watakavyo, na ugonjwa ukatembea nao. Madaktari wa misheni, akiwemo Albert Cook wa Mengo, nao walipiga kengele hiyo. Mulago, ile hospitali kubwa ya Kampala, ilianza mwaka 1913 kama mahali pa kutibu magonjwa ya zinaa. Mwaka 1918 Katharine Cook akaanzisha shule ya wakunga. Wakunga hao waliwasaidia wanawake wengi, hilo halina ubishi. Lakini ndani ya wema huo kulikuwa na hukumu: mtoto akifa, mama achunguzwe tabia.

Shida ni kwamba hesabu za Lambkin hazikuwa na msingi imara. Kijidudu cha kaswende kilionekana kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1905, na Schaudinn na Hoffmann. Mwaka huohuo Castellani, akiwa Ceylon, alikiona kijidudu cha buba, ugonjwa wa ngozi unaoambukizwa kwa kugusana, hasa watoto wakicheza. Viwili hivi ni ndugu wa karibu sana. Kipimo cha damu cha Wassermann kilipokuja mwaka 1906, hakikuweza kuvitofautisha. Mtu aliyeugua buba utotoni angeweza kusoma kama mwenye kaswende. Na mimba zilizoharibika? Malaria nayo huharibu mimba, na huzaa watoto wadogo, kabla ya wakati. Wanahistoria wa leo wanaona sehemu kubwa ya "janga" lile haikuwa kaswende ya zinaa hata kidogo. Ila hukumu ilikuwa imeshatolewa, na aliyehukumiwa alikuwa mwanamke.

Nilimsomea dada haya akiwa amemfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Akaniuliza, "Sasa hiki kipimo cha mtoto wangu nacho ni uongo?"

Si uongo, lakini lazima ujue kinasema nini. Damu ya mtoto mchanga imebeba kingamwili za mama, zilizopita kwenye kondo la nyuma. Ukiipima, mara nyingi unasoma jibu la mama, si la mtoto. Ndiyo maana daktari hupima damu zote mbili na kulinganisha nguvu zake. Ya mtoto ikiwa mara nne ya ya mama au zaidi, huyo mtoto ana ugonjwa wake mwenyewe. Isipofika hapo, bado hajaponyoka. Anatazamwa: mafua yasiyokauka, ngozi inayobambuka viganjani na nyayoni, ini na bandama zilizovimba, mifupa kwenye eksirei, na ikiwezekana maji ya uti wa mgongo.

Kwa mtoto aliyewahi kuja, mambo ni magumu zaidi. Kingamwili nyingi za mama hupita miezi ya mwisho ya mimba, na yeye hakuingoja, kwa hivyo damu yake inaweza kusema kidogo kuliko ukweli. Dalili nazo zinajificha. Ana manjano? Watoto kama yeye wengi wanayo. Amepungukiwa damu? Nao pia. Anapumua kwa shida? Ndivyo mapafu machanga yalivyo. Na kaswende yenyewe ni mojawapo ya vitu vinavyomtoa mtoto tumboni mapema. Kwa hiyo mama akiwa na ugonjwa na hajatibiwa, daktari hangoji uhakika. Anatibu.

Dawa ni penisilini, ileile ambayo John Mahoney aliitumia Marekani mwaka 1943 kuwatibu wagonjwa wanne wa kwanza wa kaswende. Kabla yake watu walichomwa dawa za aseniki. Na hata ilipopatikana, haikumfikia kila mtu. Huko Tuskegee, Alabama, wanaume Weusi 399 wenye kaswende waliachwa bila tiba tangu 1932 hadi 1972 ili serikali iangalie tu ugonjwa unavyokwenda. Wake zao waliambukizwa, na wako watoto waliozaliwa nayo.

Mtoto wetu alichomwa kwenye mshipa, yuniti 50,000 kwa kila kilo ya mwili: kila saa 12 wiki ya kwanza, kisha kila saa 8 hadi siku kumi zikatimia. Mshipa wake ulikuwa mwembamba kama uzi. Ukipotea, nasi anatafuta mwingine, mguuni, kichwani. Siku ya nne dada alitoka nje akalia kando ya tangi la maji. Sikuwa na historia ya kumsomea hapo. Nilimshikia tu leso.

Kilichoniuma zaidi kilitoka Mwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kati ya wajawazito waliokuwa na kaswende kali isiyotibiwa, mmoja kati ya wanne alijifungua mtoto mfu. Waliopata tiba mapema, sindano moja ya yuniti milioni 2.4, watoto wao hawakuwa katika hatari kuliko wa wengine. Sindano moja kwa mama, dhidi ya siku kumi za mshipa kwa mtoto wa kilo moja na nusu. Leo kuna kipimo cha tone moja la damu kinachosoma virusi vya ukimwi na kaswende pamoja. Jibu linatoka kabla mama hajaenda nyumbani, kama kifaa kipo.

Kwa hivyo swali la mama mkwe halikuwa swali. Swali lilikuwa pale patupu kwenye kijitabu.

Shemeji alikuja siku ya sita. Daktari alimwambia wazi kwamba naye lazima apimwe, la sivyo wataambukizana tena. Alipimwa. Jibu lake ni lake, siliandiki hapa. Nitasema tu kwamba jioni hiyo alimwambia mama yake, kwa heshima, "Mama, hayo maneno tuyaache." Na yakaachwa.

Mtoto sasa anatembea. Vipimo vyake vya damu vilishuka kila miezi mitatu hadi vikanyamaza kabisa. Ananiita mjomba, na anapenda kuingia kwenye majani chai hadi usimwone. Tunamtafuta kwa kicheko chake.