Kukiri Hadharani: Deni la Ruvuma Halijaisha

Kukiri ni kutamka mbele za watu jambo ambalo waliotendewa wanalijua siku nyingi. Mshtakiwa hukiri kosa mbele ya hakimu. Muumini hukiri imani mbele ya kanisa zima. Kwa kipimo hicho, Ujerumani ilichukua zaidi ya karne moja kukiri ilichotenda Ruvuma. Februari 1906 mashujaa wa Kingoni zaidi ya 60 walinyongwa Songea na kuzikwa kaburi moja. Nduna Songea Mbano, kiongozi wao, naye akanyongwa mwaka huohuo. Vijiji na maghala vilichomwa, njaa ikageuzwa silaha, na waliokufa katika Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani wanakadiriwa kufikia 300,000. Ukweli huo ulitunzwa na wazee, na mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walizunguka vijijini kuuandika.

Ndipo tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipoomba msamaha mjini Songea mbele ya wajukuu wa waliouawa, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Songea Mbano. Wapo wanaosema maneno bila fidia ni upepo mtupu. Hoja yao ina uzito, lakini deni lisilokiriwa halidaiki. Kukiri ndiko kunakompa mdai pa kusimama, mradi naye ashirikishwe: mwaka 2021 Ujerumani ilikiri mauaji ya kimbari Namibia na kuahidi euro bilioni 1.1, na wazao wengi wa Waherero na Wanama wakapinga kwa kuwa mazungumzo yaliwaacha kando.

Pingamizi zito zaidi linatoka Mbinga, kwa Wamatengo. Kabla ya Mjerumani, Wangoni wenyewe waliwashambulia Wamatengo na jamii za mwambao wa Ziwa Nyasa. Wamatengo walijibana milimani, na huko kilimo chao cha ngoro kikawalisha: nyasi hulazwa miraba miraba, udongo wa katikati huchimbwa na kuzifunika, mazao yakaota juu ya matuta na maji ya mvua yakatulia shimoni. Je, aliyevamia anaweza kudai kuombwa radhi? Anaweza, kwa sababu kosa moja halifuti jingine. Ila naye ana la kukiri. Historia inayosimuliwa Songea isiishie kwenye kaburi la mashujaa. Isimulie pia waliokimbilia milimani. Shule za Mbinga, Mbamba Bay na Liuli zianze kuandika simulizi za wazee wao sasa, wangali hai.