Wakili Anayebaki

Kesi za haki za kiraia nchini Marekani husimuliwa sana kwa majina ya magwiji waliosimama mbele ya Mahakama ya Juu mjini Washington. Anatajwa Thurgood Marshall, inatajwa hukumu ya Brown ya mwaka 1954 iliyoharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma, na hadithi inaonekana imekwisha. Simulizi hiyo haina uongo, ila inaruka swali la mfuko. Hukumu ikishasomwa, nani atakaa huko Kusini kuidai mji kwa mji na shule kwa shule, naye atakula nini? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 jimbo la Mississippi lilikuwa na watu weusi zaidi ya laki tisa, na mawakili weusi waliothubutu kushika kesi za aina hiyo hawakuzidi vidole vya mkono mmoja. Mpango mdogo ulioanza mwaka 1963, wa kuwalea mawakili vijana na kuwapa posho, ulilijibu swali hilo. Naona thamani yake kubwa haikuwa elimu iliyotolewa. Ilikuwa kodi ya ofisi iliyolipwa.

Mpango huo ulikuwa wa Mfuko wa Utetezi wa Kisheria wa NAACP, chama cha kupigania haki za watu weusi; mfuko huo ni taasisi iliyoundwa mwaka 1940 na ambayo Jack Greenberg aliipokea kutoka kwa Marshall mwaka 1961. Kijana aliyetoka chuoni aliwekwa New York karibu mwaka mzima, akajifunza kuandaa hati za madai kwa ajili ya mahakama za shirikisho. Kisha alirudi Kusini kufungua ofisi yake, akisaidiwa fedha za miaka michache ya mwanzo, na kutarajiwa ajitegemee polepole kwa kesi za kawaida: talaka, mirathi, ajali za barabarani. Wawili wa kwanza walikuwa Marian Wright, aliyetoka Yale, na Julius Chambers, mtoto wa fundi magari wa Mount Gilead, North Carolina. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mteja mzungu alikataa kumlipa baba yake Chambers kwa kazi kubwa ya kutengeneza lori, na mzee akazunguka mjini bila kupata wakili hata mmoja wa kumshitaki. Kisa hicho hurudiwa kama chimbuko la wito wa kijana, na pengine ni kweli, lakini mimi nakisoma kama hesabu ya biashara. Wakili mzungu wa mji mdogo aliishi kwa ada za wazungu wenzake. Kumtetea fundi mweusi siku moja kungeweza kumpotezea wateja wa mwaka mzima. Sheria ya madeni ilikuwepo vitabuni. Aliyekosekana ni mtu ambaye riziki yake haikushikwa na upande wa pili.

Wakuu wa majimbo ya Kusini waliielewa hesabu hiyo mapema, tena vizuri kuliko wafadhili wengi wa leo. Mwaka 1956 bunge la Virginia lilipitisha sheria zilizowabana NAACP na mawakili wake kwa hoja ya maadili ya uwakili: kwamba si halali kutafuta wateja wala kuchochea watu washitaki. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Kila nchi yenye mawakili ina sababu ya kuwaogopa wanaovizia walalamikaji kama madalali wa kituo cha basi. Lakini dalali hutafuta ujira, na kesi za shule hazikuwa na ujira wa kugombewa. Januari 1963, katika kesi ya NAACP dhidi ya Button, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kwa kundi lililofungiwa milango mingine, kushitaki ni namna ya kutoa maoni ya kisiasa, na kunalindwa na katiba. Mwaka huohuo Chambers aliingia mafunzoni.

Alifungua ofisi Charlotte mwaka 1964. Mchungaji Darius Swann na mkewe Vera walikuwa wametoka kufanya kazi ya umisionari India. Mtoto wao James, wa miaka sita, akakataliwa katika shule iliyokuwa karibu na nyumbani kwao. Januari 1965 Chambers alifungua kesi kwa niaba yao na familia nyingine. Mwezi huohuo gari lake lililipuliwa kwa bomu akiwa anahutubia New Bern. Novemba nyumba yake nayo ikalipuliwa. Hapo ndipo tofauti ya wakili mgeni na wakili mkazi inapoonekana. Mgeni angepanda ndege. Chambers aliendelea na kesi, na mwaka 1967 ofisi yake ikawa na mawakili weusi na weupe chini ya paa moja, jambo geni katika jimbo lile. Februari 1971 ofisi hiyo ilichomwa moto. Machi ikaja hukumu ya Griggs dhidi ya Duke Power, kesi ya wafanyakazi weusi 13 wa kituo cha umeme cha North Carolina ambayo Chambers alikuwa miongoni mwa mawakili wake. Iliwakataza waajiri kutumia vyeti na mitihani isiyohusiana na kazi kama wigo wa kuwazuia watu weusi. Aprili, katika kesi ya Swann, majaji wote waliafiki kwamba wilaya inaweza kuamriwa kusafirisha wanafunzi kwa mabasi ili kuvunja ubaguzi shuleni. Hukumu mbili za kubadili nchi, katika takriban wiki sita, kutoka jimbo moja.

Yapo mapingamizi, na la kwanza ni kwamba anayelipa zumari ndiye huchagua wimbo: fedha zilitoka Kaskazini, basi ajenda nayo ilikuwa ya Kaskazini. Kwa wakili anayelipwa mshahara kutoka mbali, shutuma hiyo ina uzito. Ndiyo maana muundo wa posho ya miaka michache una maana. Fedha zilipokauka, Chambers alibaki na wateja wa Charlotte, nao ndio waliomlisha. Pingamizi la pili ni gumu zaidi: Marian Wright hakubaki. Alifanya kazi Jackson, Mississippi, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata leseni ya uwakili katika jimbo hilo, kisha akahamia Washington mwaka 1968 na baadaye, mwaka 1973, akaanzisha mfuko wa kutetea watoto. Je, fedha zilipotea? Sidhani, ila nakiri kwamba hoja yangu ya ukaazi inapata ufa hapa. Aprili 1967, alipomtembeza Seneta Robert Kennedy katika vibanda vya Delta ya Mississippi na kumwonyesha watoto wenye njaa, alikuwa na kitu ambacho wakili wa Washington asingekuwa nacho: aliijua njia ya kufika kwenye vibanda hivyo. Ukaazi wake ulikuwa mfupi, lakini ndio aliosafiri nao.

Linganisha na kazi ya Marshall mwenyewe kwa Kenya. Januari 1960 alifika Nairobi kwa mwaliko wa viongozi Waafrika, kisha akawa mshauri wao katika mkutano wa Lancaster House, London, ambako aliandika rasimu ya sura ya haki, akiwalinda pia Wahindi na walowezi waliokuwa wachache. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini alirudi kwao, kama ilivyompasa, na sura ya haki iliyoingia katika katiba ya uhuru ilikosa jeshi la mawakili wa mitaani wa kuipeleka mahakamani. Kituo cha Sheria, ambako mawakili wa Nairobi walianza kujitolea kuwasaidia maskini, hakikuzaliwa hadi mwaka 1973.

Mtu atauliza faida ni ipi ikiwa ushindi wenyewe hauli miaka. Mwaka 1984 Chambers aliondoka Charlotte kwenda kuongoza taasisi ileile iliyompa posho. Mwaka 1999 jaji wa shirikisho alisitisha agizo la Swann, na baadaye shule za Charlotte zikaanza kugawanyika tena kwa rangi. Katika kesi hiyo ya 1999 wazazi weusi walipinga kufutwa kwa agizo, nao hawakuhitaji kutuma barua New York kutafuta mtetezi. Alisimama James Ferguson, aliyejiunga na ofisi ya Chambers mwaka 1967 na hakuwahi kuuhama mji.