Ukurutu

Ukurutu, ambao wengi siku hizi huuita pumu ya ngozi, na ambao waliosoma Kongo huuita egzema kwa Kifaransa chao, ni ukoo mzima wa magonjwa ya ngozi. Yote yanawasha, na yote huiacha ngozi ikiwa imevimba, imetoka vipele, inachuruzika majimaji au imekauka na kubanduka. Hauambukizi: mtoto mwenye ukurutu anaweza kulala mkeka mmoja na nduguze wasipate kitu. Wala hauletwi na uchafu au "damu mbaya", ingawa hayo ndiyo mama mwenye mtoto anayejikuna huambiwa kwanza na majirani, iwe Kasongo iwe Unguja.

Jina la pumu ya ngozi lina ukweli ndani yake. Aina kuu ya ukurutu huandamana na pumu ya kifua na mafua ya mzio katika familia zilezile, na mara nyingi kwa mtoto yuleyule anapokua. Lakini jina hilo limezaa hofu pia. Wapo wanaoamini kwamba ngozi ikitibiwa ugonjwa "utaingia ndani" ukamate mapafu, basi huiacha ichubuke. Si kweli, ngozi iliyotulizwa haimpeleki mtu kwenye pumu.

Makala hii inautazama ukurutu kutoka kusini mwa Maniema, mkoa wa mashariki mwa Kongo, katika nchi ya Wamaza na jirani zao wa Kasongo na Kabambare. Huko neno "upele" hubeba karibu kila kinachowasha, na ugumu wa ukurutu huanzia hapo.

Chanzo

Tabaka la juu la ngozi limejengwa kama nyumba ya fito na udongo: chembe ngumu ndizo fito, na mafuta yaliyo kati yake ndiyo udongo. Kwa mwenye ukurutu udongo ni haba. Maji ya mwilini hutoka, na sabuni, vumbi, jasho na bakteria huingia. Kinga ya mwili nayo, badala ya kuvipuuza vitu vidogo hivyo, huvishambulia kwa nguvu, na hapo ndipo uvimbe na mwasho hutokea. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, walionyesha kwamba hitilafu katika jeni ya filagrini, protini inayosaidia kuushikilia ukuta huo, humweka mtu katika hatari kubwa ya ukurutu. Kwa Waafrika weusi hitilafu hizo ni nadra kuliko kwa Wazungu, na bado ukurutu wanaupata. Maana yake jeni hiyo ni mlango mmoja tu kati ya mingi.

Kujikuna huharibu ukuta zaidi, na ukuta ulioharibika huwasha zaidi. Kiangazi cha kusini mwa Maniema, kuanzia katikati ya mwaka hadi Agosti, hukausha hewa na kuupa mzunguko huo nguvu. Sabuni ya kienyeji, inayopikwa kwa mawese na soda kali, huongeza yake: ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, na sabuni hiyo iko upande wa pili kabisa.

Aina

Ukurutu wa kurithi, unaoitwa pia wa atopiki, ndio unaojulikana zaidi. Kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza wa maisha. Mtoto mchanga huvimba mashavu na ngozi ya kichwa, nayo hutoa majimaji yakaganda. Akishaanza kutembea, ugonjwa huhamia mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, vifundo vya mikono na shingo. Usiku ndio wakati wake mbaya. Mama huamka akasikia kucha zikikwaruza gizani, na asubuhi hukuta damu kwenye shuka na vumbi jeupe la ngozi kwenye mkeka.

Hapa vitabu vimewapotosha waganga wengi. Vingi vimeandikwa kwa kutazama ngozi ya Mzungu, vikasema ukurutu ni wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Huonekana weusi uliokoza, au zambarau, au kijivu kama cha mtu aliyepita kwenye majivu. Aghalabu ugonjwa huja kama vipele vidogo vigumu, kimoja kwenye kila kinyweleo, na unaweza kukaa upande wa nje wa viwiko na magoti badala ya mikunjoni. Ngozi inayokunwa kwa miezi hunenepa, mistari yake ikachimbika. Kwa hiyo mganga hana budi kutumia vidole pamoja na macho: ukurutu wa ngozi nyeusi hupapaswa. Palipovimba huwa na joto na mparuzo kama wa msasa hata pale rangi isiposema kitu.

Ukurutu wa mguso hutokana na kitu kilichoigusa ngozi, nao una namna mbili. Ya kwanza ni kuunguzwa polepole, na inaweza kumpata yeyote atakayekaa na kitu hicho muda wa kutosha. Mikono ya mama anayelowesha muhogo, kufua na kuosha vyombo tangu alfajiri hupasuka kwenye vifundo na katikati ya vidole. Hana mzio wowote, ni maji na sabuni tu visivyompa ngozi nafasi ya kupona. Wachimbaji wa dhahabu wa upande wa Salamabila na Namoya, huko Kabambare, hushinda miguu ndani ya matope na mikono katika maji ya kuchuja mchanga, na wengine hushika zebaki, ambayo huunguza na huleta mzio vilevile.

Namna ya pili ni mzio wa kweli. Mwili hujifunza kukichukia kitu kimoja, na tangu siku hiyo hata chembe yake hutosha. Vitu maarufu ni nikeli ya hereni na vifungo vya suruali, kromiamu iliyo katika saruji, na ile rangi kali inayotiwa kwenye piko, wino mweusi wa kuchorea maua mwilini. Wanaharusi wa pwani, kutoka Lamu hadi Maskati, wanaijua hii ya mwisho: ua lililochorwa mkononi huinuka likawa malengelenge yenye umbo lilelile la ua. Umbo ndilo ushahidi. Ukurutu wa mguso hufuata mpaka wa kitu, kiwe ni mkanda wa saa au kamba ya ndala. Upupu hauhesabiwi humu. Huo huwasha mtu yeyote kwa manyoya yake, na mwasho wake huisha siku hiyohiyo.

Aina nyingine zinaelezeka kwa maneno machache. Ukurutu wa mafuta hukaa kichwani, kwenye nyusi, kando ya pua na kifuani, ukibanduka magamba ya manjano. Mba ni ndugu yake mpole. Ukimtokea mtu mzima ghafla na kwa wingi, apime virusi vya UKIMWI. Ukurutu wa sarafu hufanya mabaka ya mviringo miguuni na mikononi. Ukurutu wa viganja na nyayo huleta vilengelenge vya ndani kama punje za ulezi. Ukurutu wa miguu yenye vena mbovu huwapata wazee, ukitia weusi juu ya vifundo na pengine kidonda. Upo pia wa mtu anayekuna mahali pamoja kwa mazoea, kisogoni au kwenye kifundo cha mguu, hata pakawa kama ngozi ya ngoma.

Kuutambua Kasongo na Kabambare

Kasongo ina jina katika historia ya tiba. Kuanzia mwaka 1971 Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilishirikiana na Zaire, yaani Kongo ya leo, kuijenga huko huduma ya afya ya mfano: hospitali moja, ikizungukwa na vituo vinavyoongozwa na wauguzi. Muundo huo ulichangia kuzaliwa kwa zoni za afya zinazotumika Kongo nzima leo. Kwa mgonjwa wa ngozi maana yake ni kwamba anayemtazama kwanza ni mwuguzi, ambaye wenyeji humwita munganga, si daktari bingwa. Moshi, Tanzania, walilikiri jambo hilo mwaka 1992 walipofungua kituo cha kikanda cha mafunzo ya ngozi, ambacho huwafundisha matabibu wasio madaktari.

Swali la kwanza la munganga ni: nani mwingine nyumbani anajikuna? Wakijikuna wote, hasa usiku, na vipele vikawa katikati ya vidole, kiunoni, matakoni na kwenye sehemu za siri, huo ni upele hasa, ule wa utitiri. Nyumba nzima itibiwe siku moja.

La pili ni usubi. Maniema ni nchi ya mito yenye maji ya kasi, na inzi weusi wanaozaliana humo hueneza minyoo inayopofusha macho. Kabla ya kupofusha, minyoo huwasha. Vipele huja matakoni na mapajani, ngozi hukunjamana kabla ya umri wake, na kwenye miundi hutokea madoadoa meupe kama ya chui. Dawa yake, Mectizan, hutolewa bure na kampuni inayoitengeneza tangu mwaka 1987, na vijijini hugawiwa kwa fimbo yenye alama: mtu husimama kando yake, urefu ukasema vidonge vingapi. Dawa hiyohiyo huua utitiri wa upele. Siku chache za mwanzo mwasho wa usubi unaweza hata kuzidi, minyoo inapokufa. Ukurutu, kwa upande wake, haujali Mectizan hata kidogo, na mwasho uliobaki vilevile miezi miwili baada ya ugawaji una mengi ya kusema.

La tatu ni choa, chenye ukingo ulioinuka na katikati iliyosafika. Hapa ndipo krimu za sokoni huharibu kazi. Nyingi, zikiwemo za kujichubua, zina steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe. Choa kikipakwa hupoa juu kikaenea chini, hadi kisitambulike. Ukurutu ukipakwa hupona kwa wiki moja, kisha hurudi kwa hasira krimu ikiisha.

Matibabu

Msingi ni mafuta, mengi na kila siku. Mtoto aoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, afutwe kwa kugusagusa, apakwe ngozi ikiwa bado na unyevu. Vaselini isiyo na manukato inatosha. Palipovimba hupakwa steroidi: ya haidrokotisoni asilimia 1 kwa uso na kwa watoto wachanga, yenye nguvu zaidi kwa mwili, kwa wiki moja au mbili. Kipimo kiko mkononi: krimu iliyokamuliwa kwenye ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima, mpaka mkunjo wa kwanza, inatosha eneo la viganja viwili. Majimaji ya manjano, usaha au homa ni dalili kwamba bakteria wameingia.

Watoto wengi ukurutu huwapungua kabla ya kubalehe. Yanayobaki kwa miezi ni mabaka, meusi au meupe, na meupe ndiyo humrudisha mama kituoni akihofia ukoma, ambao bado upo Kongo. Munganga humfumba mtoto macho, akaligusa baka kwa unyuzi wa pamba. Baka la ukoma halisikii. La ukurutu, mtoto hucheka na kuvuta mkono.