Mu Chong: Jenerali aliyebebeshwa lawama za Pyongyang
JENERALI Mu Chong, mzaliwa wa Korea, alikomaa kivita nchini Uchina. Alikuwa miongoni mwa Wakorea wachache mno walionusurika Safari Ndefu ya wakomunisti ya 1934 hadi 1935, kisha akaongoza kikosi cha mizinga dhidi ya Wajapani. Aliporejea kwao baada ya 1945, sifa zake zilimfanya aonekane mpinzani wa Kim Il-sung.

Katika Vita vya Korea aliamuru Kikosi cha Pili cha jeshi la Kaskazini. Oktoba 19, 1950, Pyongyang ilitekwa. Desemba mwaka huo, mbele ya mkutano wa chama, Kim, ambaye ndiye aliyekuwa amiri jeshi mkuu, alimshutumu kwa kushindwa kuulinda mji huo, akamvua madaraka.