Ampea-saa: Hesabu ya Friji Inayolala Garini

Kwenye maduka ya vifaa vya magari ya Moshi mjini, betri huulizwa kwa namba. Mteja anasema "nipe N70" au "nipe N100", na muuzaji anajua boksi lipi alivute. Majina hayo ni mabaki ya viwango vya zamani vya Kijapani: N70 ni betri ya 70, N100 ni ya 100. Sabini ya nini, na mia ya nini? Hapo majibu huachana njia. Mmoja atasema ampea mia, mwingine ampea mia kwa saa. Lebo inasema 100 Ah, na Kiswahili chake ni ampea-saa mia moja.

Kwa mwenye gari la kwenda sokoni na kurudi, ubishi huo hauna hasara. Gari likiwaka asubuhi, betri ni nzima. Hasara huja kwa wanaobeba friji. Land Cruiser nyingi zinazotoka Moshi kupeleka watalii Tarangire, Ngorongoro na Serengeti huwa na friji ndogo nyuma, na zile zenye hema juu ya paa hulaza humo nyama, maziwa na matunda ya siku kadhaa, injini ikiwa imezimwa. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, friji hiyo inaishi kwa betri peke yake. Dereva asiyejua mia yake ni mia ya nini anaweza kuamka na maziwa yaliyochacha na gari la kusukumwa.

Ampea hupima mkondo wa umeme, yaani wingi wa umeme unaopita kwenye waya pale unapopima. Jina linatokana na mwanafizikia Mfaransa, André-Marie Ampère, aliyefariki mwaka 1836. Neno mkondo, lakini, Kiswahili kilikuwa nalo zamani kwa ajili ya mito na bahari, na kwenye miteremko ya Kilimanjaro hesabu yake inaonekana kwa macho katika mifongo, mifereji ya asili ya Wachaga inayoteremsha maji ya mlimani hadi vihambani, yaani mashamba ya nyumbani. Maji hayo hugawanywa kwa zamu. Mwenye zamu hapewi mfereji. Anapewa mfereji kwa muda fulani. Mfereji mwembamba ukiachiwa usiku kucha huweza kujaza bwawa ambalo mfereji mpana ungelijaza nusu tu kwa robo saa. Ampea ni maji yanayopita mferejini, ampea-saa ni maji yaliyokusanyika bwawani.

Kwa hiyo ampea-saa ni ampea mara saa. Ampea 5 zikitoka muda wa saa 20 ni ampea-saa 100. Ampea 10 zikitoka saa 10, kwenye karatasi, ni 100 vilevile.

Anayesema "ampea kwa saa" ana cha kujitetea, maana neno "kwa" lina sura mbili. Fundi ujenzi anaposema chumba cha futi kumi kwa kumi, "kwa" yake inazidisha. Dereva anaposema kilomita 80 kwa saa, "kwa" yake inagawanya. Ila likitangulia kipimo cha muda, sikio la Mswahili huelekea maana hii ya pili: lita kwa dakika, mshahara kwa mwezi. Ndiyo sababu "ampea mia kwa saa" humfanya mnunuzi adhani betri itatoa mia saa ya kwanza, mia nyingine saa ya pili, na kuendelea. Mia hiyo ni jumla. Ikiisha imeisha, hadi betri irudishiwe chaji.

Tofauti ya ampea na ampea-saa huonekana vizuri ukilinganisha stata na friji. Stata ya injini ya dizeli huweza kuvuta ampea 200 au zaidi, lakini kwa sekunde chache. Ampea 200 zikivutwa sekunde 3 hazifiki hata ampea-saa 0.2. Friji huvuta kidogo kidogo usiku mzima. Betri ya kawaida ya gari imetengenezewa kazi ya kwanza: bamba zake za risasi ni nyembamba na nyingi, ili nguvu kubwa itoke kwa mpigo mmoja. Ikikaushwa kila usiku, bamba hizo huchakaa upesi. Betri ambazo madukani huitwa "za sola" huwa na bamba nene zaidi, zinazostahimili kushuka na kupanda. N100 ya gari na betri ya sola ya 100 zinaweza kulingana kwa namba na zisilingane kwa maisha.

Sasa friji yenyewe. Ya lita 40, yenye kompresa inayotumia volti 12 moja kwa moja bila inverta, huvuta takriban ampea 4 kompresa inapounguruma. Haiungurumi muda wote. Huwaka, hushusha baridi, hunyamaza, kisha huwaka tena. Fundi akibana mita kwenye waya ataona 4, baadaye sifuri, baadaye tena 4. Usomaji mmoja haumpi jibu. Inambidi ahesabu ni dakika ngapi za saa nzima kompresa ilikuwa kazini.

Hapo mlima unaingia kwenye hesabu. Moshi mjini, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, joto la mchana wa Februari hupita nyuzi 30, na ndani ya gari lililofungwa huzidi hapo. Tuseme kompresa inafanya kazi nusu ya muda. Saa 24 mara nusu, mara ampea 4, ni ampea-saa 48 kwa siku. Lango la Marangu, mlimani, liko karibu mita 1,900, na kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi sita hivi. Usiku wa huko kompresa inaweza kufanya kazi robo tu ya muda: saa 12 mara robo, mara 4, ni ampea-saa 12. Friji ile ile, betri ile ile, na usiku wa Marangu umekula nusu ya kile ambacho usiku wa mjini ungekula kwa saa hizo hizo 12.

Namba ya kwenye lebo nayo ina masharti yake. Betri nyingi za risasi hupimwa kwa kutolewa umeme polepole muda wa saa 20, na ndiyo maana ya alama C20 inayoandikwa pembeni ya Ah. Ukizivuta kwa kasi zaidi, jumla unayoipata hupungua. Mjerumani Wilhelm Peukert aliiwekea hali hiyo kanuni mwaka 1897. Tena, betri ya risasi ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara haidumu, hivyo ampea-saa 100 za dukani ni 50 za matumizi. Kwa joto la Moshi mjini, hizo ni siku moja tu. Betri za lithiamu huruhusu kutumia sehemu kubwa zaidi ya kilichoandikwa, ingawa bei yake iko juu.

Waya nao huiba. Waya mwembamba kutoka betri ya mbele hadi friji iliyo nyuma hupoteza volti njiani, na friji nyingi za aina hii hujizima volti zikishuka mno ili gari liweze kuwaka asubuhi. Betri inaweza kuwa na ampea-saa za kutosha na friji ikalala njaa. Kabla ya kubadilisha betri, mafundi wazoefu hupima volti kwenye plagi ya friji yenyewe, kompresa ikiwa kazini.

Ampea-saa pia haijitoshelezi bila volti. Betri mbili za volti 12 na ampea-saa 100 zikiungwa sambamba hutoa ampea-saa 200 kwa volti 12. Zikiungwa kwa mfuatano, kama kwenye magari ya volti 24, ampea-saa zinabaki 100 lakini volti ni mara mbili. Nishati ni ile ile. Kipimo kinachoionyesha ni wati-saa: volti mara ampea-saa. Betri ya N100 ina wati-saa 1,200, yaani kilowati-saa 1.2, na kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mzigo ule wa risasi na tindikali, ambao mtu huubeba kwa shida, umebeba uniti moja na kidogo tu.

Vipimo hivi vingi huingia Kiswahili kupitia lebo kabla ya kupita darasani, kwa sababu fizikia ya sekondari nchini Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, lakini muuza betri hufuata herufi zilizo kwenye boksi. Kistari cha ampea-saa kina kazi ya kuonyesha kwamba vitu viwili vimezidishwa. Namba hukaa mbele ya jina zima, kama katika "zimebaki ampea-saa 30", wala haiigawi kuwa "ampea 30 za saa".

Pawabanki za simu zimeongeza utata. Iliyoandikwa miliampea-saa 20,000 inasikika kubwa kuliko betri ya 100, ilhali ni ampea-saa 20 kwa volti 3.7 hivi: wati-saa 74. Mashirika ya ndege huweka kikomo cha kawaida cha wati-saa 100 kwa betri ya abiria, na msafiri anayepitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) hukutana na kipimo hicho kabla ya kuuona mlima. Maboksi ya umeme ya lithiamu yanayouzwa kwa wapiga kambi nayo huandikwa wati-saa. Friji ya ampea 4 na volti 12, ikifanya kazi nusu ya muda, hula wati-saa 576 kwa siku. Boksi la wati-saa 1,000 litaibeba kama siku moja na nusu, baada ya kutoa kile kinachopotea njiani.