Darubini ya Bunduki Haijui Umbali

Wasee, watu wakiongea kuhusu darubini ya bunduki wanauliza tu inavuta karibu kiasi gani. Historia inauliza kitu kingine. Risasi haiendi moja kwa moja. Inashuka kama jiwe ulilorusha. Ndio maana bunduki ya Enfield ya 1853 ilikuwa na kipimo cha kuinua kama ngazi, chenye alama hadi yadi 900 au zaidi. Lakini ngazi haijui adui yuko wapi. Mwaka huo huo Uingereza ilifungua shule Hythe, wanajeshi wakafunzwa kukadiria umbali kwa macho. Leo ngazi imekuwa gurudumu dogo juu ya darubini. Anayechagua aangalie linapanda hadi wapi. Ila ukikosea umbali, gurudumu linakutii tu, na risasi inampata asiyehusika.